Saundibaa na spika za kuzunguka

Saundibaa (pia: upau wa sauti) na spika za kuzunguka ni njia mbili za kuipa runinga sauti kubwa na safi kuliko ile inayotoka kwenye spika zake za ndani. Saundibaa ni kasha moja refu na jembamba linalowekwa chini ya runinga. Ndani yake mna spika kadhaa, na mara nyingi huuzwa pamoja na kasha la pili la besi. Spika za kuzunguka ni spika tano, saba au zaidi zilizotawanywa chumbani, mbele na nyuma ya mtazamaji, zikiendeshwa na amplifaya moja.

Nchini Tanzania iko pia njia ya tatu, ambayo ndiyo inayoonekana katika sebule nyingi: sabufa, yaani kasha la besi lenye amplifaya ndani yake na spika ndogo mbili, tatu au zaidi zinazounganishwa kwa waya. Kwa hiyo mtu anayenunua chombo cha sauti mjini Kasulu au Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kwa kawaida huchagua kati ya vitu vitatu, si viwili.

Uchaguzi huo mara nyingi hufanywa kwa kuhesabu spika au kusoma wati zilizoandikwa kwenye boksi. Vyote viwili hupotosha. Kinachoamua zaidi ni sauti iliyorekodiwa ndani ya filamu au matangazo yanayotazamwa, pamoja na chumba ambamo sauti hiyo inasikika.

Majina

Neno "sabufa" limetokana na jina la Kiingereza la spika ya besi peke yake, yaani ile inayotoa sauti nzito za chini. Katika Kiswahili cha Tanzania limepanuka na kumaanisha seti nzima, pamoja na spika zake ndogo, rimoti, sehemu ya flashi na redio ya FM. Mtu akisema amenunua sabufa hana maana ya spika moja. Nchini Kenya seti hiyohiyo huitwa wufa.

"Homu thieta" hutumika kwa seti yenye spika tano na kasha la besi, hasa zile zilizouzwa pamoja na deki ya DVD. Namba kama 2.1 au 5.1 huonyesha mpangilio: tarakimu ya kwanza ni idadi ya njia za sauti za kawaida, na ".1" ni njia ya besi peke yake. Saundibaa mpya huweza kuandikwa 3.1.2, ambapo tarakimu ya mwisho ni spika zinazoelekezwa juu ili sauti idunde darini na kurudi chini.

Historia

Sinema za kwanza zenye sauti zilitumia njia moja tu: sauti yote ilitoka nyuma ya pazia. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sauti ya njia mbili, yaani sterio, mwaka 1931. Mwaka 1940 kampuni ya Walt Disney ilionyesha filamu ya Fantasia kwa mfumo wa Fantasound, uliotumia spika zilizosambazwa ukumbini, lakini gharama zake zilikuwa kubwa mno na kumbi chache tu ziliuweka. Sauti ya kuzunguka ilienea kwenye kumbi baada ya Dolby Stereo, hasa kufuatia filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Majumbani iliingia mwaka 1982 kwa jina la Dolby Surround. Mfumo wa kidijitali wa 5.1 ulianza katika kumbi mwaka 1992, na DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ikauleta sebuleni.

Saundibaa ni mdogo wake kwa umri. Altec Lansing ADA106 ya mwaka 1998 hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza. Yamaha YSP-1, iliyotoka mwaka 2004, ilikuwa na spika ndogo 40 ndani ya kasha moja. Ilirusha miale ya sauti ukutani ili irudi kwa mtazamaji kutoka pembeni na nyuma. Kilichoeneza saundibaa zaidi, hata hivyo, ni wembamba wa runinga. Runinga za zamani za kichogo zilikuwa na nafasi ya spika zinazotazama mbele. Runinga bapa zina spika ndogo ambazo nyingi hutazama chini au nyuma, na sauti yake ni hafifu.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na historia yake. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kwa watu wengi, hasa mikoani, sinema ilifika kwanza kwa kanda za video katika mabanda: chumba chenye mabenchi, runinga moja, deki na jenereta. Mabanda hayo bado yapo, na yanayoonyesha mpira huitwa kwa utani vibanda umiza. Huko ndiko mazoea mengi ya kusikiliza sauti ya sinema yalikojengwa, yaani sauti kubwa, besi nzito, na spika mbili zimewekwa mbele.

Sauti iliyomo ndani ya filamu

Spika za nyuma haziwezi kutoa kitu ambacho hakikurekodiwa. Huu ndio ukweli unaosahauliwa zaidi dukani. Filamu iliyotengenezwa kwa 5.1 ina njia sita zilizotenganishwa: kushoto, kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia na besi. Mazungumzo karibu yote huwekwa katika njia ya katikati. Mvua, umati, ndege inayopita na mwangwi wa pango huwekwa pembeni na nyuma.

Lakini filamu hiyohiyo hupita mikono mingi kabla ya kufika sebuleni. Diski ya VCD, iliyotawala masoko ya Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi, hubeba njia mbili tu kwa kanuni zake zenyewe. DVD halisi inaweza kubeba sita. Faili linalonakiliwa kwenye flashi katika duka la filamu mara nyingi limebanwa ili lisichukue nafasi, na kitu cha kwanza kutupwa wakati wa kubana ni njia za ziada za sauti. Matangazo mengi ya ving'amuzi, taarifa ya habari, tamthilia na filamu nyingi za Kibongo, nayo hutoka kwa njia mbili.

Kisha kuna filamu zilizotafsiriwa. Katika mtindo huu mkalimani hurekodi sauti yake juu ya filamu ya Kihindi, ya Kichina au ya Kimarekani. Hueleza kisa kwa Kiswahili, huigiza wahusika wote peke yake, na hutia utani wa mtaani. Nchini Tanzania jina lililovuma zaidi ni Lufufu (Derek Gaspar Mukandala). Kenya inaye DJ Afro, na Uganda ina mafundi kama VJ Jingo wanaotafsiri kwa Kiganda. Kwa upande wa sauti, filamu ya namna hii ni sauti ya mtu mmoja iliyolazwa juu ya sauti ya filamu iliyopunguzwa. Helikopta iliyopaswa kupita kutoka nyuma kwenda mbele haipiti tena. Iko chini ya maneno ya mkalimani, katikati ya pazia. Familia ambayo hutazama zaidi filamu hizi haina kazi ya kuzipa spika za nyuma. Inachohitaji ni spika ya katikati inayotamka vizuri.

Baadhi ya amplifaya huweza kuchukua njia mbili na kukisia njia nyingine, kwa mifumo kama Dolby Pro Logic ya mwaka 1987. Matokeo huwa mazuri kwa filamu zilizoandaliwa kwa ajili ya mfumo huo. Kwa nyingine, maneno yanaweza kuanza kutokea nyuma ya kiti, jambo linaloudhi kuliko kukosa spika hizo.

Waya nazo zina mipaka. Waya wenye vichwa viwili, chekundu na cheupe, hubeba njia mbili peke yake. Seti nyingi za bei nafuu zenye spika tano zina matundu hayo mawili tu nyuma. Spika tano hizo hugawana sauti ya kushoto na ya kulia, na spika za nyuma hurudia kilekile kinachosemwa mbele. Hiyo ni sterio iliyotawanywa. Seti inayoweza kucheza 5.1 kwa kweli huwa na tundu la HDMI, tundu la waya wa mwanga, au matundu sita ya kuingizia sauti. Mnunuzi akigeuza chombo na kutazama mgongo wake atajifunza mengi kuliko kwa kusoma boksi.

Bluetuthi husababisha tatizo jingine, kwa kuwa sauti huchelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwa muziki haidhuru. Kwa filamu, midomo hufunga kabla neno halijasikika. Kwenye filamu iliyotafsiriwa ucheleweshaji huu hauonekani, maana midomo na maneno havikuwa vinafuatana tangu mwanzo, lakini mlio wa bunduki utaufichua.

Chumba

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Sauti ya besi yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa karibu mita 7, yaani mrefu kuliko sebule nyingi. Sauti nyembamba ya mitetemo 3,000 ina wimbi la sentimita 11 hivi. Kutokana na hilo besi hupita milango na kuzunguka fanicha bila shida, na sikio haliwezi kutambua inatoka pembe gani ya chumba. Ndiyo maana kasha la besi linaweza kuwekwa karibu popote. Likiwekwa kwenye kona huvuma zaidi, mara nyingi kupita kiasi.

Sauti nyembamba hufanya kinyume chake. Hutembea kwa mstari, huzuiwa na kochi, na hubeba konsonanti. Maneno faa, saa na zaa yana irabu zilezile. Kinachoyatenganisha ni mlio hafifu wa mwanzo. Besi ikizidi, au mwangwi ukiwa mrefu, mlio huo hufunikwa, na msikilizaji huongeza sauti. Akiongeza, besi na mwangwi navyo huongezeka. Wengi huamini wanahitaji chombo chenye nguvu zaidi, kumbe wanahitaji besi kidogo.

Mwangwi unaweza kukadiriwa kwa kanuni ya mwanafizikia Mmarekani Wallace Sabine: muda wa sauti kufifia ni 0.161 mara ujazo wa chumba, ikigawanywa kwa eneo linalonyonya sauti. Tuchukue mfano wa sebule iliyofungwa yenye mita 4 kwa 3.5 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 42, na eneo la kuta, sakafu na dari ni mita za mraba 73. Ikiwa ni tupu, yenye saruji na lipu kila upande, uso huo hunyonya takriban asilimia 3 tu ya sauti, na mwangwi hudumu kama sekunde 3. Wakiingia watu watano, makochi, mkeka na pazia nzito, mwangwi hushuka hadi karibu na sekunde 0.7. Hakuna saundibaa wala amplifaya inayoweza kuleta badiliko kama hilo.

Nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo hujengwa kwa matofali ya kuchoma na kuezekwa kwa bati, na nyingi hazina dari. Sehemu ya sauti hutoka kupitia mwanya kati ya ukuta na paa, kwa hiyo mwangwi si mrefu kama wa chumba kilichofungwa. Lakini paa la mteremko lisilo na dari linaharibu mpango wa saundibaa zinazotegemea kudunda. Spika za kuelekea juu zimekusudiwa dari bapa yenye kimo cha kawaida. Kwenye bati la mteremko sauti hudunda kuelekea kusikojulikana. Saundibaa zinazorusha miale pembeni nazo hutaka kuta mbili ngumu zinazotazamana. Sebule yenye mlango wazi upande mmoja au pazia badala ya ukuta haifai. Mwenye nyumba ya namna hiyo analipia kitu ambacho chumba chake hakiwezi kukirudisha.

Halafu kuna mvua. Katika nyanda hizi mvua hunyesha kwa sehemu kubwa ya mwaka, kuanzia karibu Oktoba hadi Mei, na mvua kubwa juu ya bati lisilo na dari hufunika mazungumzo ya kawaida kabisa. Watu hunyamaza na kusubiri. Hapa besi haisaidii hata kidogo, kwa kuwa mngurumo wa mvua umejaa sauti za kila kimo, na kinachopotea kwanza ni konsonanti zilezile. Spika iliyo karibu na msikilizaji husaidia kuliko spika yenye nguvu iliyo mbali: umbali ukipungua kwa nusu, sauti inayomfikia moja kwa moja huongezeka kwa takriban desibeli 6. Spika mbili za sabufa zilizosogezwa kutoka kabatini hadi karibu na makochi zinaweza kuokoa nusu ya pili ya mchezo. Tiba ya kudumu ni dari. Hata ya mbao nyembamba au jipsamu hupunguza kelele za bati, na kwa sikio ni matumizi bora ya fedha kuliko spika za ziada.

Mpangilio

Kwa 5.1, mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU) yanataka spika ya katikati iwe mbele ya msikilizaji, za kushoto na kulia ziwe nyuzi 30 kila upande, na za kuzunguka ziwe kati ya nyuzi 100 na 120, yaani pembeni na nyuma kidogo ya masikio. Tweta za spika za mbele zinapaswa kuwa karibu na kimo cha sikio la mtu aliyeketi.

Mazoea ya kutundika spika nne kwenye kona nne za chumba, juu kabisa karibu na paa, hayafuati lolote kati ya hayo. Sauti husikika kubwa na imejaa, lakini mtu anayesema kwenye picha husikika kutoka darini. Mpangilio huo unafaa sherehe au saluni.

Sabufa ya spika mbili hutenda haki zaidi pale spika hizo zinapotenganishwa. Zikibanwa pamoja juu ya kasha la besi, sterio hupotea na kubaki kama redio moja kubwa. Zikiwekwa kila upande wa runinga, kwa umbali wa kama mita moja na nusu hadi mbili na nusu, sikio hukisia kwamba kuna spika ya tatu katikati, na maneno yanaonekana kutoka kwenye picha. Hili hutokea kwa yule tu anayekaa katikati. Aliyeketi kwenye kochi la pembeni husikia upande wake. Kwa familia ya watu wanane waliojipanga kila pembe ya chumba, saundibaa yenye spika halisi ya katikati ina faida ya kweli, na labda ndiyo faida yake kubwa kuliko zote.

Wati, betri na gridi

Wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye sabufa, mara nyingi kwa maelfu, hutolewa kwa kipimo cha PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubalika na hakielezi nguvu inayoweza kudumu. Kipimo chenye maana ni RMS. Njia rahisi ya kujua ukweli ni kusoma kibandiko cha nyuma karibu na waya wa umeme. Amplifaya haiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu kubwa kuliko ile inayoingia. Sabufa iliyoandikwa PMPO wati 10,000 mbele na wati 30 nyuma ni chombo cha chini ya wati 30. Kiasi hicho kinatosha sebule ya kawaida, kwa kuwa kusikiliza kwa sauti ya wastani hutumia wati chache tu. Ubaya upo katika kulipia namba.

Umeme ndio uliopanga masoko ya sauti katika wilaya hizi. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilipata umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya Gridi ya Taifa, hadi zilipounganishwa na gridi mwaka 2022. Vijiji vingi viliishi, na vingine vinaishi bado, kwa paneli za jua. Sabufa ndogo nyingi zina tundu la volti 12, hivyo huunganishwa na betri moja kwa moja bila inveta. Saundibaa nyingi huja na adapta yake ya volti kubwa zaidi, na amplifaya ya njia nyingi hutaka volti 230.

Hesabu ya betri huonyesha tofauti. Betri ya asidi ya volti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200, lakini ikitumiwa zaidi ya nusu huchakaa mapema, hivyo za kutumia ni kama 600. Runinga ya wati 40, king'amuzi cha wati 12 na sabufa ya wati 30 kwa jumla huchukua wati 82. Zinaweza kuwaka zaidi ya saa 7. Amplifaya ya njia nyingi hutumia wati 40 hadi 60 hata sauti ikiwa ndogo, na huhitaji inveta ambayo nayo hula sehemu ya umeme. Katika nyumba ya betri, kila spika ya nyuma inalipwa kwa dakika za taa.

Penye gridi, hatari ni umeme kupanda na kushuka. Stabilaiza au kifaa cha kuchelewesha umeme unaporudi hulinda vyombo vyote vitatu. Radi ni jambo jingine: stabilaiza haiizuii, na njia ya hakika ni kuchomoa waya wa umeme pamoja na ule wa dishi wingu linapokaribia.

Ufundi na vipuri

Bidhaa za sauti hufika Kasulu kwa malori yanayosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kariakoo, Dar es Salaam. Kumrudishia muuzaji chombo kilichoharibika si jambo dogo, na mara nyingi nauli huzidi faida. Kwa hiyo swali la kwamba nani atakitengeneza lina uzito ule ule kama swali la sauti.

Sabufa imejengwa kwa namna ambayo fundi wa redio anaielewa: transfoma, fyuzi, kapasita kubwa, na saketi za amplifaya za kawaida kama TDA2030, ambazo hupatikana na kubadilishwa kwa chuma cha kuchomelea. Spika iliyopasuka hubadilishwa kwa nyingine yenye omu zilezile. Chuo cha Ualimu na Hospitali ya Kabanga, karibu na mji wa Kasulu, huleta eneo hilo wapangaji wengi wa muda, na kwa mtu anayehama kila baada ya miaka michache sabufa ina jambo jingine jema: inauzika upya, kwa sababu kila mtu anajua jinsi ya kuitengeneza.

Saundibaa ina bodi moja yenye vipande vidogo sana vilivyobanana, na spika zake zina umbo la pekee. Ikiharibika bodi, mara nyingi chombo chote hutupwa. Amplifaya ya njia nyingi na spika zake ziko kati ya hizo mbili: amplifaya ni ngumu kutengeneza, lakini spika zake hudumu kwa miongo na huweza kuhamishiwa kwenye amplifaya nyingine. Kwa mwenye chumba maalumu chenye dari, umeme wa kudumu, na mazoea ya kutazama diski halisi au mtandao wa kulipia unaotoa 5.1, hakuna saundibaa ya bei ileile inayozifikia. Watu wa namna hiyo wapo Kasulu, lakini si wengi.

Majirani

Katika nyumba za kupanga zisizo na dari, kuta za ndani mara nyingi huishia chini ya paa, na vyumba vyote hugawana hewa moja juu. Sauti ya sebule moja ni sauti ya nyumba nzima. Besi ndiyo inayosafiri mbali zaidi, na mlalamikaji wa chumba cha tatu kwa kawaida hasikii filamu, husikia mdundo tu. Kupunguza besi usiku huondoa sehemu kubwa ya ugomvi bila kupunguza maneno. Baadhi ya saundibaa zina hali ya usiku inayofanya hivyo yenyewe. Kwenye sabufa ni kitufe cha besi kilicho mbele au kwenye rimoti. Kuweka kasha la besi juu ya kipande cha godoro badala ya sakafu tupu hupunguza pia mtetemo unaopita kwenye saruji.

Kelele na mitetemo Tanzania Bara husimamiwa na kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo linalozitekeleza. Viwango vya usiku katika makazi ni vya chini kuliko vya mchana. Kwa vitendo, malalamiko mengi ya sabufa huanzia kwa mwenye nyumba au mwenyekiti wa mtaa, na huishia hapo.